Jeneza la Mgomba

Nyinyi vijana mnaotoka vyuoni na vyeti vya kufundisha watoto wadogo, mna mapenzi makubwa na neno "mchezo". Mwalitamka kama watu waliolivumbua jana. Juzi nilialikwa na shule moja ya kulipia hapa Malindi nikatazame jinsi watoto wanavyojifunza kwa kucheza. Nikavaa kanzu safi, nikaenda. Nikakuta watoto wamepangwa mstari kama askari jela, kila mmoja amepakwa rangi kiganjani. Mwalimu anawashika mikono mmoja mmoja na kuigandamiza kwenye karatasi, na mwenzake anapiga picha kwa simu. Mtoto mmoja alipoachiwa akajipaka rangi gotini, akalitazama goti lake, akacheka peke yake.

"Wee! Waharibu!" mwalimu akamkaripia.

Asubuhi nzima ile huyo ndiye pekee aliyecheza, na ndiye pekee aliyesuguliwa kwa sabuni mpaka akalia. Baadaye wakaniuliza, "Mzee, umeonaje?" Nikawaambia picha zitatoka nzuri. Wakanishukuru sana. Siku hizi hata kutukanwa watu hawajui.

Lakini nisijitie ubora. Nimefundisha chekechea maisha yangu yote ya kazi, nikaanzia Takaungu nikamalizia Sabaki, kichwani nina kidato cha nne na kozi za wakati wa likizo. Upumbavu wote mnaoufanya nyinyi niliutangulia, tena bila simu. Ndiyo sababu naujua kwa harufu.

Takaungu walinicheka. Mwanamume mzima kuimba na watoto! Nikipita barazani wazee wananiuliza, "Maalim, leo umepangusa makamasi mangapi?" Mwalimu niliyewekwa chini yake alikuwa Bi Rehema, mama mnene mwenye sauti ndogo, ambaye hakuingia darasani bila ukindu wake wa kusuka ukili. Watoto wakicheza, yeye huketi kwenye kigoda anasuka. Mimi nilidhani ni uvivu. Nikamwuliza siku moja, kwa ule ufidhuli wa kijana mwenye cheti, iwapo analipwa kufundisha ama kusuka mikeka.

"Nasuka ili mikono yangu ipate kazi," akasema. "Ikikosa kazi itaingilia ya watoto."

Sikumwelewa. Mimi mikono yangu ilikuwa kila mahali. Niliwahi kutengeneza "duka" la kufundishia hesabu: meza, maboksi ya viberiti, vizibo vya soda kuwa pesa. Nikajifanya mwenye duka, nikampangia kila mtoto atakachonunua. Akaja binti mmoja mdogo, jicho kavu.

"Nataka samaki."

"Hapa hatuuzi samaki. Nunua kiberiti."

"Mamangu kanituma samaki."

"Nimesema kiberiti, wewe!"

"Basi naenda duka jengine."

Akatoka. Chini ya ukuta akafungua duka lake la samaki wa majani ya mkungu: hili changu, hili tafi, hili pweza. Kufumba na kufumbua, darasa zima liko kwake, wanapiga bei, wanazozana chenji, wanahesabu mpaka idadi ambazo mimi sijawafunza. Nikabaki peke yangu na viberiti vyangu. Bi Rehema alicheka hadi ukili ukamtoka mkononi. Mngedhani nilijifunza. Wapi! Siku ya pili nikawapiga marufuku kuchuma majani.

Na vitu vya kuchezea je? Shule moja niliyofundisha ilipewa na watalii wa Kitaliano sanduku zima la vitu vya plastiki: nyumba za kuunganisha, magari, picha za kupanga zenye watu wanaoteleza kwenye theluji. Tukavifungia kabatini visichafuke. Afisa wa elimu akija tunavitoa, akiondoka tunavirudisha. Siku moja afisa akakaa zaidi ya kawaida akawaambia watoto, "Haya, chezeni." Watoto wakavitazama. Wakaogopa. Mwisho wakavipanga mstari mmoja mrefu kutoka mlangoni mpaka ukutani.

"Mmejenga nini?" akauliza.

"Foleni ya maji."

Afisa akaandika kwamba ni ubunifu mkubwa. Sisi walimu tukatazamana. Hatimaye waliovifaidi vitu vile ni panya, walizalia mle ndani.

Sasa sikilizeni hili la Sabaki, maana hayo mengine ni ya kuchekesha tu.

Chekechea yetu ilikuwa ndani ya ua wa shule ya msingi, karibu na mto, upande wenye mashamba ya migomba. Watoto walikuwa mchanganyiko: Wagiriama wa pale pale, watoto wa wavuvi waliotoka visiwa vya kaskazini, na wa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Miongoni mwao alikuwepo Mwanaidi, mtoto wa mvuvi. Mwaka ule mto ulifurika, na baba yake akazama pale mto unapoingia baharini. Wakamwopoa, wakamzika siku ile ile. Mwanaidi alirudi shule baada ya siku chache, na hakusema neno. Wiki zikapita. Ukimwita anakuja, ukimwambia keti anaketi, lakini mdomo haufunguki, si kwangu, si kwa wenzake, na nyumbani pia hivyo hivyo.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo.

"Mwisho wa mwaka nawasaili watoto wa kuingia Darasa la Kwanza. Huyu bubu wako simchukui."

"Si bubu. Alikuwa akisema."

"Sasa je?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Basi atakwenda shule ya wasiosikia, mjini, ya bweni. Nitazungumza na watu wao."

"Lakini anasikia, mwalimu."

"Asikiapo ajibu. Una mpaka mwisho wa muhula."

Mtoto wa miaka sita aliyefiwa na baba atengwe na mama, apelekwe bweni akaishi kwa lugha ya ishara asiyoihitaji, kwa kuwa mtu mmoja anataka ofisi yake inyooke. Nilikasirika sana. Nikaapa nitamfungua mdomo. Kwa njia gani? Kwa michezo, bila shaka! Nilikuwa nimetoka kozini. Nikamshonea vikaragosi vya soksi. Nikafinyanga herufi kwa udongo mwekundu wa mtoni. Nikaimba, nikaruka, nikabweka kama mbwa. Mwanaidi alinitazama kama unavyomtazama mlevi wa mtaani: kwa upole, na kwa mbali.

Asubuhi moja ya mapumziko nilikuwa nimeketi kibarazani na chai yangu, nikasikia sauti nisiyoitambua nyuma ya choo.

"Wanaume wabebe! Wanawake wabaki!"

Nikachungulia. Watoto walikuwa wameokota magogo mawili ya mgomba yaliyokatwa, wameyalaza sambamba, na juu yake wamemlaza Katana, mtoto mcheshi wa Kigiriama, wakamfunika gunia. Hilo ni jeneza. Wavulana wanne wanajaribu kulinyanyua. Na anayeamrisha, mkono kiunoni, ni Mwanaidi.

"Kwetu kuna sanduku," akasema Mutua, mtoto wa Kikamba. "Na picha ya mtu mbele."

"Hapa si kwenu. Hapa ni Sabaki. Beba!"

"Nawashwa!" Katana akapiga kelele ndani ya gunia. "Siafu!"

"Maiti hasemi!"

"Basi maiti ajikune, halafu atakufa tena."

Wakamruhusu akajikuna, akafa tena. Mwanaidi akawageukia wasichana, akawagawia majani, sahani za wali wa hitima. Moja, mbili, tatu, nne, akahesabu mpaka akafika kikomo. "Imepunguka moja. Nani ana mbili? We Dama, rudisha, tunakuona!" Mtoto niliyeandika kwenye ripoti yake kwamba hajui hesabu.

Niliganda pale na kikombe mkononi. Na laiti ningaliganda zaidi.

Nje, nyuma ya ua wa makuti, alipita Bi Zuhura muuza mahamri, na beseni lake kichwani. Akasimama, akaona.

"Maalim! Watoto wachuria na wewe wanywa chai?"

Wale mliotoka bara huenda hamjui. Kwetu pwani, tendo linaloita balaa ni uchuro. Kukaa mlangoni umejishika tama ni uchuro. Kulia pasipo msiba ni uchuro. Na mtoto kucheza maziko, huo ndio uchuro mkubwa, maana anayetengeneza jeneza analiitia mtu wa kulazwa humo. Nimelelewa hivyo. Mimi mwenyewe nilichapwa na nyanya yangu kwa kuzika mjusi.

"Wamwita nani sasa?" Bi Zuhura akaendelea, sauti juu, mpaka wapita njia wakasimama. "Mto haujashiba? Na mwalimu yuko, mwanamume na ndevu zake!"

Nikaona aibu. Si hofu ya balaa iliyoniinua, msidanganyike, ilikuwa aibu mbele ya muuza mahamri. Nikachukua ufito, nikaenda mbio. "Uchuro gani huu! Tokeni! Mmetumwa na shetani?" Watoto wakatawanyika kama vifaranga. Katana akatoka na gunia lake kichwani, akajigonga kwenye ukuta wa choo. Nikalikanyaga jeneza lile mpaka magogo yakapasuka na maji ya mgomba yakanirukia suruali.

Mwanaidi hakukimbia. Hakunitazama mimi, alilitazama gogo. Kisha akafunga mdomo, nikauona ukifunga. Bi Zuhura akasema, "Sawasawa," akajitwika vizuri, akaenda zake kuuza.

Mara ngapi mmeambiwa vyuoni mumfuate mtoto? Mimi pia niliambiwa, hata nikaliandika kwa wino mwekundu. Lakini ukweli ni kwamba sisi twataka mchezo usiotuaibisha. Tunataka mtoto acheze daktari, acheze rubani, acheze mwalimu mwenye miwani. Akicheza ulevi wa mjomba wake, au talaka, au maiti, tunakuja na ufito. Nyinyi hamna ufito siku hizi, sheria imewanyang'anya, basi mnakuja na sauti tamu: "Hapana watoto, tucheze kitu kizuri." Ni ufito ule ule, mmeupaka asali.

Mambo yalizidi kuwa mabaya. Sasa Mwanaidi hata ukimwita haji. Muhula ukayoyoma. Mwisho nikamwambia mke wangu anisindikize, tukaenda kwa mama yake. Alikuwa ndani ya eda, haonekani na wanaume, kwa hiyo nikasema nikiwa nje barazani, yeye yuko nyuma ya pazia.

Nikamweleza yote.

"Alisema?" akauliza. "Mwanangu alisema?"

"Alisema, bibi. Alihesabu hata sahani."

"Na wewe ukamnyamazisha."

Mke wangu akainamisha kichwa. Mimi nikasema, ndiyo.

"Siku ya maziko tulimpeleka kwa jirani," mama akasema. "Tulimwambia babake kasafiri. Watoto huambiwa hivyo. Lakini alisikia watu wakisema mto umemchukua. Maziko ya wengine kayaona, ya babake hakuona kitu. Hajui alikowekwa babake, na mimi kumwambia sina mdomo huo. Kila nikitaka naanza kulia, naye anikimbia."

"Atakwenda bweni, bibi, asiposema."

"Akikuuliza wewe, mwambie. Msimdanganye tena."

Kesho yake, kwa akili zangu, nikakata gogo la mgomba mwenyewe nikaliweka nyuma ya choo, nikaenda kuketi mbali. Hakuna mtoto aliyelikaribia. Mbuzi walikuja, wakalitafuna. Nikaleta magogo mengine mawili, nikawaita watoto wote, nikatangaza kwa sauti ya kozini: "Leo tunacheza maziko!" Wakasimama mstari, mikono nyuma.

"Maalim," Katana akauliza, "tukicheza tutapigwa?"

"Hampigwi."

"Na tusipocheza?"

Mchezo ulioamrishwa ni kazi tu, na watoto wanaijua kazi. Nilibaki na jambo moja, na nililiogopa kweli kweli, kwani ikiwa mtoto kulala juu ya jeneza la mchezo ni uchuro, mtu mzima mwenye mke na watoto kujilaza mwenyewe ni kitu gani? Nikavua viatu. Nikajilaza kwenye magogo, nikafumba macho, nikaweka mikono ubavuni. Maji ya mgomba yakapenya kwenye shati.

Kisha nikasikia watoto wakisogea.

"Amekufa kweli?"

"Tumbo linapanda."

"Mtekenye."

Mtu akanitekenya unyayo. Nikavumilia. Katana akaamua kwamba mimi ni mzito, na kwamba maiti kama huyu huko kwao hukodiwa lori. Wakacheka. Wakaleta gunia. Wakaanza kuzozana nani ashike kichwani. Na katikati ya zogo lile, sauti ndogo, ya kukwaruza kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, ikasema:

"Mmemlaza vibaya. Halazwi chali."

Sikufumbua jicho. Mikono midogo ikanisukuma begani, ikanigeuza ubavu. Akanifunika uso kwa gunia. Nikasikia pumzi yake karibu na sikio langu.

"Akishazikwa anarudi lini?"

Hakuwauliza wenzake, aliniuliza mimi, maiti.

"Harudi," nikasema chini ya gunia.

"Maiti hasemi!" wakapiga kelele wote, Katana akiwa wa kwanza.

"Mwacheni aseme," akasema Mwanaidi.

Wakaniacha.

"Babangu yuko majini?"

"La. Alitolewa majini. Yuko makaburini, nyuma ya msikiti. Amelazwa ubavu wa kulia, kama mimi."

"Pakavu?"

"Pakavu. Ni mchanga."

Kisha akalia, kwa sauti, kilio cha mtoto aliyeanguka. Dama akaanza kulia naye, ndipo Mutua, ndipo wote, hata wasiojua wanalilia nini. Bi Zuhura alikuwa anapita tena na beseni lake. Sikujua aliona nini, kwa sababu nilikuwa chini ya gunia, lakini safari hii hakusema kitu. Wala sikuinuka.

Usaili ulikuja. Nilisimama mlangoni pa ofisi. Mwalimu mkuu akainua kadi nyekundu.

"Hii ni rangi gani?"

Mwanaidi akaitazama kadi, akamtazama yeye.

"Kwani wewe huijui?"

Mwalimu mkuu akaweka kadi chini. Akainua yenye mbuzi. "Huyu ni nani?"

"Si mbuzi? Mbona waniuliza vitu unavyovijua?"

"Maalim!" akaniita, shingo imevimba. "Mtoto huyu hana adabu hata kidogo!"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Iandike hiyo."

Akaandika. Mtoto asiye na adabu haendi shule ya wasiosikia, anakwenda Darasa la Kwanza pamoja na wengine wasio na adabu, na mama yake akaendelea kumsuka nywele nyumbani kwake.

Mkitaka kunisifu kwa hilo, msinisifu. Mwanaidi alikuwa na mchezo uliokaa wazi hata kipofu angeuona, na bado niliukanyaga kwanza. Kabla yake nilipiga watoto ufito kwa michezo mingi zaidi ya huo, Takaungu na kwingine, nikarudi kwenye chai yangu nimeridhika. Mmoja alikuwa akimfungia mwenzake chooni kila siku na kumlilia nje ya mlango. Mwengine alikuwa hachezi ila kufukia viatu vyake. Niliwachapa wote wawili. Walikuwa wanauliza nini? Sijui. Wamekuwa watu wazima sasa, nami sikukaa hata siku moja nikawasikiliza.